Jinsi ya kukokotoa umbali na muda wa ndege kati ya miji miwili

Mdogo wangu aliwahi kunitumia picha ya tiketi yake ya London kwenda New York. Kuondoka 10:00, kufika 13:00. Chini yake akaandika: "Kaka, kumbe ni masaa matatu tu!" Kwa jinsi tiketi ilivyoandikwa, nilimwelewa. Lakini alikuwa na dawa anayomeza kila baada ya saa 6, na kwa hesabu yake ile alipanga kuiweka kwenye sanduku kubwa linaloingia tumboni mwa ndege. Angekaa angani karibu saa 8, dawa iko chini ya miguu yake na hana namna ya kuifikia.

Kosa lake ni la watu wengi: alitoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika akadhani amepata muda wa safari. Umbali una hesabu yake, muda wa kuruka una yake, na saa ya ukutani ina yake. Hapa nitakupitisha kwenye zote, kwa kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu. Muda wa safari nitauandika kwa tarakimu (saa 8), ili usichanganyike na saa nane ya mchana.

Hatua ya 1: Jua mji upi na kiwanja kipi

Miji mingi ina majina pacha. Kuna Sydney ya Australia na Sydney ya Nova Scotia, Kanada, na wapo abiria waliolipia tiketi wakidhani wanaenda ya kwanza wakajikuta ya pili. Kuna Birmingham ya Uingereza na Birmingham ya Alabama, San José ya Costa Rica na San Jose ya California. Kinachozitenganisha ni herufi tatu za kiwanja: SYD ni Australia, YQY ni Kanada, SJO ni Costa Rica, SJC ni California. Zisome herufi hizo kabla ya kulipa.

Miji mikubwa nayo ina viwanja zaidi ya kimoja. New York inahudumiwa na JFK, LaGuardia (LGA) na Newark (EWR), na Newark iko jimbo jingine kabisa, New Jersey. Tokyo ina Haneda, kilicho ndani ya jiji, na Narita, kilicho karibu kilomita 60 kutoka katikati. Vikokotoo vingi vya mtandaoni hupima katikati ya mji mmoja hadi katikati ya mwingine, wakati ndege inakwenda kiwanja hadi kiwanja. Ndiyo maana utakuta namba mbili za safari ileile zinazotofautiana kwa makumi ya kilomita, na hakuna iliyokosea.

Hatua ya 2: Pima umbali kwenye tufe, si kwenye ramani bapa

Ramani nyingi za ukutani, na nyingi za kwenye simu, zinafuata mchoro wa Gerardus Mercator wa mwaka 1569. Aliuchora kwa ajili ya mabaharia, ili mwelekeo mmoja wa dira uonekane kama mstari ulionyooka. Kwa kazi hiyo ulifaa sana. Ila unazivuta nchi kadiri zinavyokaribia ncha za dunia, kwa hiyo rula ukiiweka juu yake inakudanganya.

Tafuta tufe la dunia, hata lile dogo la darasani, na uzi wa kushonea. Chukua Madrid na New York, miji iliyo karibu kabisa na latitudo ya 40. Kwenye ramani ya ukutani ungeapa kwamba njia fupi ni kukata bahari moja kwa moja kuelekea magharibi. Sasa bana ncha ya uzi kwa kidole juu ya Madrid, uvute hadi New York, na uukaze mpaka usilegee popote. Utauona uzi ukiikwepa njia ile. Unapanda kaskazini zaidi ya digrii 5, kisha unashuka tena taratibu hadi New York. Ukijaribu kuurudisha kwa kidole ufuate latitudo ya 40, uzi unakuwa mfupi, haufiki. Huo ndio ushahidi.

Weka alama kwa ukucha pale uzi unapoigusa New York, kisha ulaze uzi huo juu ya ikweta na uhesabu digrii ulizofunika. Mzingo wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075, ukigawanya kwa 360 unapata kama kilomita 111 kwa kila digrii. Uzi wa Madrid na New York unafunika digrii 52 hivi, yaani karibu kilomita 5,770. Ungefuata latitudo ya 40 ungekwenda karibu kilomita 5,940. Kilomita 170 zimeokolewa na uzi wa kushonea.

Kama huna tufe, au unataka namba kamili, tumia kikokotoo chenye vitufe vya sin na cos. Hakikisha kimewekwa kwenye digrii. Kikiwa kwenye radiani jibu litatoka la ajabu. Tafuta latitudo na longitudo za viwanja viwili. Latitudo za kusini ya ikweta ziandike kwa alama ya kutoa. Kwa longitudo, kama viwanja vyote viko upande mmoja, mashariki au magharibi, toa ndogo kwenye kubwa. Kama viko pande tofauti, jumlisha, na jibu likizidi 180 litoe kwenye 360.

Heathrow ya London iko latitudo 51.47 kaskazini, longitudo 0.45 magharibi. JFK iko 40.64 kaskazini na 73.78 magharibi. Tofauti ya longitudo ni 73.33. Zidisha sin ya 51.47 kwa sin ya 40.64, unapata 0.5095. Kisha zidisha cos ya 51.47 kwa cos ya 40.64 kwa cos ya 73.33, unapata 0.1356. Jumla ni 0.6451. Bonyeza cos⁻¹ ya namba hiyo, itatoka pembe ya digrii 49.8 na ushei kidogo. Izidishe kwa 111.2, ambayo ni wastani wa kilomita kwa digrii kwa dunia nzima. Jibu: karibu kilomita 5,540.

Angalia na kipimo kilichotumika. Kilomita 5,540 ni kama maili 3,440 za nchi kavu, lakini ni maili 2,990 tu za baharini, ambazo ndizo wanazotumia marubani. Maili ya baharini ni mita 1,852, na ilitokana na dakika moja ya latitudo, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Ukikuta namba mbili zinapishana kwa asilimia 15, kuna uwezekano mkubwa ni maili za aina mbili.

Hatua ya 3: Ongeza mizunguko ya njiani

Uzi haujui mipaka ya nchi wala mawingu ya radi. Rubani anavijua vyote viwili. Ndege huondoka ardhini kwa kuuelekea upepo, hata kama upepo unatoka upande isikokwenda, kisha inageuka. Inafuata njia zilizopangwa, inazunguka dhoruba, na ikikuta foleni kwenye kiwanja inapewa duara za kusubiri. Ndege ya injini mbili inapovuka bahari lazima pia ibaki ndani ya muda uliowekwa wa kufika kiwanja cha dharura injini moja ikizimika. Kwa safari ya kawaida mimi huongeza asilimia 3 kwenye umbali wa uzi. London na New York inakuwa kilomita 5,700 hivi.

Kuna njia ambazo asilimia 3 haitoshi hata kidogo. Helsinki hadi Tokyo ni karibu kilomita 7,800 kwa uzi. Hadi mwanzoni mwa 2022 ndege ilipita juu ya Urusi na kufika kwa saa 9 na nusu hivi. Anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya mwaka huo, ndege za Finnair zikaanza kuzunguka, nyingine kwa kupanda hadi Ncha ya Kaskazini, nyingine kwa kushuka kusini, na safari ikafika karibu saa 13. Miji haijasogea hata hatua moja. Kwa hiyo kabla ya kuamini hesabu yako, tazama ramani ya siasa ya mahali uzi unapopita.

Hatua ya 4: Gawanya kwa mwendo, na upepo uuhesabu

Ndege za injini za jeti za safari za kati, kama Airbus A320 na Boeing 737, hukata hewa kwa kilomita 830 hivi kwa saa. Ndege kubwa za masafa marefu, kama Boeing 787 na Airbus A350, hukaribia 900. Ndege za mapanga kama ATR 72 ziko kwenye 500.

Lakini huo ni mwendo wa ndani ya hewa, na hewa nayo ina safari zake. Mashua inayopanda mto na inayoteremka zinaweza kuwa na injini ileile, ila kwa aliyesimama ukingoni moja inajikokota na nyingine inapita kama mshale. Huko juu, kilomita 10 hivi kutoka ardhini, kuna mito ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kaskazini na kusini mwa ikweta. Mara nyingi inazidi kilomita 160 kwa saa, na wakati wa baridi inakuwa kali zaidi. Mjapani Wasaburo Oishi aliipima kwa maputo katika miaka ya 1920, lakini taarifa zake alizichapisha kwa Kiesperanto, lugha ambayo wenzake wachache waliisoma, na kazi yake ikachelewa kujulikana nje ya nchi yake. Nasikitika kila nikiikumbuka habari hiyo, maana leo njia za ndege juu ya Atlantiki ya Kaskazini hupangwa upya mara mbili kwa siku kufuatana na upepo uleule.

Kwa njia zinazovuka Atlantiki ya Kaskazini, mimi hutumia kilomita 100 kwa saa kama makadirio ya upepo. Kwenda magharibi: 900 toa 100 ni 800. Kilomita 5,700 gawanya kwa 800 ni kama saa 7 na dakika 8. Kurudi mashariki: 900 jumlisha 100 ni 1,000, kwa hiyo saa 5 na dakika 42. Tofauti inakaribia saa 1 na nusu, ndege ileile, bahari ileile.

Siku za dhoruba hesabu hii inapanuka. Februari 2020, wakati dhoruba Ciara ikipiga Ulaya, ndege ya Boeing 747 ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, na kuna wakati ilizidi kilomita 1,300 kwa saa ukiipima kwa ardhi. Hiyo ni namba kubwa kuliko mwendo wa sauti, lakini ndege haikuuvuka mwendo huo, kwa kuwa hewa yenyewe iliyoibeba ilikuwa inakimbia. Safari ikiwa ya kaskazini kwenda kusini, upepo huu unaipiga ndege ubavuni tu. Hapo unaweza kuuacha nje ya hesabu.

Hatua ya 5: Ongeza muda wa ardhini

Muda ulioandikwa kwenye ratiba hauanzi magurudumu yanapoacha ardhi. Unaanza ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa, na unaisha inapoegeshwa upande wa pili. Katikati kuna kujikokota hadi kwenye njia ya kurukia, foleni, kupanda taratibu, kushuka taratibu, na kutafuta geti. Kwa viwanja vyenye shughuli nyingi weka dakika 45. Kwa viwanja vitulivu nusu saa inatosha. London kwenda New York sasa inafika saa 7 na dakika 53, na kurudi saa 6 na dakika 27.

Linganisha na ratiba utaona zinaandika karibu saa 8 kwenda na karibu saa 7 kurudi. Ile ziada ni akiba ambayo mashirika huiweka ili ndege ikichelewa kidogo bado ihesabike imefika kwa wakati. Ukisikia rubani anatangaza kwamba mmewahi dakika 20, mara nyingi akiba hiyo ndiyo haikutumika.

Ukiwa na haraka, tumia kanuni hii fupi: gawanya kilomita za uzi kwa 800, kisha ongeza nusu saa. Safari ikizidi kilomita 8,000, gawanya kwa 850. Singapore hadi New York, kilomita 15,349, miongoni mwa safari ndefu kuliko zote za abiria duniani, inatoka saa 18 na nusu, na ratiba huandika zaidi ya hapo kidogo. Kilomita 1,000 inatoka saa 1 na dakika 45. Usiipeleke kanuni hii kwenye safari fupi mno. Kati ya visiwa vya Westray na Papa Westray, Scotland, kuna ndege ya ratiba inayoruka kilomita 2.7 tu, na kwa kawaida inatua kabla dakika 2 hazijaisha.

Hatua ya 6: Linganisha saa za pande mbili

Hapa ndipo mdogo wangu aliponasa. Saa zote kwenye tiketi ni za mahali husika: ya kuondoka ni ya mji unaotoka, ya kufika ni ya mji unaofika. Ukizitoa bila kuzilinganisha kwanza unapata jibu lisilo na maana.

Suluhisho ni kuzirudisha saa zote kwenye saa moja ya dunia, UTC. Andika kila mji uko mbele au nyuma ya UTC kwa kiasi gani siku ya safari. Wakati wa baridi London iko sawa na UTC, New York iko nyuma kwa saa 5. Kuondoka London 10:00 ni 10:00 UTC. Kufika New York 13:00, ongeza 5, ni 18:00 UTC. Toa: saa 8. Kurudi, tuseme anaondoka New York 20:00, ambayo ni 01:00 UTC ya siku inayofuata, na anafika London 08:00. Toa: saa 7. Kwenye tiketi utaona alama ya +1 pembeni ya saa ya kufika; maana yake umefika kesho yake. Isome vizuri kabla ya kulipia hoteli.

Kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili kuna mtego mwingine. Tiketi hutumia saa 24 zinazoanzia usiku wa manane: 10:00 ni saa nne asubuhi, 13:00 ni saa saba mchana, 20:00 ni saa mbili usiku. Fanya hesabu yote kwa saa za tiketi, na tafsiri mwishoni kabisa. Ukitafsiri katikati utaongeza au kupunguza saa 6 bila kujijua, na anayekuja kukupokea atakusubiri asubuhi wakati wewe unaingia jioni.

Usidhani pia kwamba tofauti ya miji miwili ni ileile mwaka mzima. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho ya Machi. Kwa wiki hizo chache London na New York zinatofautiana saa 4 badala ya 5, na hali hiyo hurudi kwa wiki moja baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wala tofauti si lazima iwe ya saa kamili: India iko mbele ya UTC kwa saa 5 na nusu, Nepal kwa saa 5 na dakika 45. China nayo, kwa upana wake wote, inatumia saa moja tu.

Ukivuka mstari wa tarehe katika Bahari ya Pasifiki, karatasi ndiyo itakayokuokoa. Desemba, Auckland iko mbele ya UTC kwa saa 13 na Los Angeles iko nyuma kwa saa 8. Ondoka Auckland 20:00, ruka saa 12, utatua Los Angeles 11:00 ya siku ileile uliyoondoka, saa 9 kabla ya muda uliopandia ndege. Ukiwa na dawa ya kumeza, fuata saa ulizokaa bila dawa, si tarehe iliyoandikwa ukutani.

Hatua ya 7: Kama unabadilisha ndege

Piga hesabu ya kila kipande peke yake, halafu ongeza muda wa kusubiri. Watu huogopa kwamba kupitia mji wa tatu ni kuzunguka sana, na mara nyingine sivyo. London hadi Sydney kwa uzi ni karibu kilomita 17,020. Kupitia Singapore ni 10,880 na 6,300, jumla 17,180. Hujazunguka hata asilimia 1. Kinachoongezeka ni muda wa ardhini: kutua, kusubiri, kuruka upya. Kwa kanuni yetu vipande hivyo ni saa 13 na dakika 20 na saa 8 na dakika 20, na ukisubiri saa 2 Singapore unakaribia saa 24. Angalia pia neno "moja kwa moja" kwenye tangazo. Ndege inaweza kutua njiani na kuendelea kwa namba ileile ya safari, na bado ikaitwa hivyo. Hesabu vituo, usitegemee jina.

Mwisho weka jibu lako kando ya tiketi. Likipishana kwa dakika 20 au 40, huo ni upepo na akiba ya shirika, liache. Likipishana kwa saa kamili, 1 au 5, kuna mji mmoja umesahau kuusogeza, rudi hatua ya 6. Likipishana kwa saa 6 barabara, umetafsiri saa ya Kiswahili mapema. Na likipishana kwa namna isiyoeleweka kabisa, rudi mwanzo uzitazame tena zile herufi tatu.